Sheria ya umma au sheria binafsi: pa kupeleka shauri lako ukiwa Tanga

Shauri linaweza kutupwa nje ya mahakama hata kama mwenye nalo ana haki kamili. Mmoja kaishtaki Halmashauri kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba bila kutoa notisi. Mwingine kakimbilia polisi kudai deni la kawaida. Wa tatu kaandika barua za malalamiko mwaka mzima dhidi ya uamuzi wa ofisi ya umma, na alipofika kwa wakili akaambiwa muda umekwisha. Wote hawakujiuliza mapema kama jambo lao ni la sheria ya umma au la sheria binafsi.

Sheria ya umma inahusu dola: imeundwaje, ina mamlaka gani, na inayatumiaje juu ya watu. Humo mna katiba, sheria za utawala, jinai na kodi. Sheria binafsi inahusu watu kwa watu, nayo inabeba mikataba, madhara (mtu kukuumiza au kukuharibia mali), ndoa, mirathi, kampuni na sehemu kubwa ya migogoro ya nyumba na viwanja. Mgawanyo huu ni wa kale. Ulpian, mwanasheria wa Roma wa karne ya 3, aliueleza karibu hivyo hivyo: upande mmoja mambo ya dola, upande mwingine manufaa ya mtu mmoja mmoja. Ufaransa wameutilia mkazo kiasi cha kuwa na mahakama za utawala zinazojitegemea, na Conseil d'État juu yake. Tanzania ilirithi mfumo wa Kiingereza, uliopokelewa kwa sheria zilizokuwepo tarehe 22 Julai 1920, na Mahakama Kuu ileile inasikiliza pande zote mbili. Watu wanachanganyikiwa hapo, kwa sababu jengo ni moja lakini taratibu ni tofauti kabisa.

Vigezo vya kupimia

Vigezo ni vitano: aliyekukosea ametumia nguvu gani, unataka upewe nini, unaanzia wapi na kwa hatua zipi, una muda gani, na ni kitu gani huwa kinaangusha shauri la aina hiyo.

Cha kwanza ndicho chenye uzito kuliko vyote, na ndicho kinachokosewa zaidi. Watu huangalia jina la aliyewakosea. Akiwa Serikali wanasema sheria ya umma, akiwa jirani wanasema sheria binafsi. Jina halitoshi. Jiulize: mtu wa kawaida angeweza kunifanyia hivi? Mwenye nyumba wa Ngamiani anaweza kukupandishia kodi, kukupa notisi uhame, hata kukushtaki kwa malimbikizo. Hawezi kukufutia leseni ya biashara, kutwaa kiwanja chako kwa manufaa ya umma, wala kukuweka mahabusu. Nguvu hizo zinatolewa na sheria peke yake, na zikitumika juu yako umeingia kwenye sheria ya umma.

Kwa hiyo Halmashauri ileile inaweza kuwa upande huu leo na upande ule kesho. Ikichukua saruji dukani kwako isilipe, imevunja mkataba kama mnunuzi mwingine yeyote. Ikikufungia duka hilohilo kwa kutumia sheria ndogo, imetumia mamlaka. Tofauti hii ikikukaa kichwani, nusu ya kazi imekwisha.

Njia ya sheria ya umma

Nguvu inayopimwa. Mahakama haiulizi kama uamuzi wa afisa ulikuwa mzuri. Inauliza kama ulifikiwa kihalali. Je, alikuwa na mamlaka ya kuamua? Alikupa nafasi ya kujieleza? Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya 1977 inakupa haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pamoja na haki ya kukata rufaa. Alikuwa na maslahi yake binafsi katika jambo lenyewe? Alizingatia mambo yasiyohusika? Mfanyabiashara anayekwenda kueleza kwamba duka lake ni safi na wateja wanalipenda amebeba hoja isiyo ya hapo. Anayekwenda kueleza kwamba alifungiwa bila notisi wala kuitwa ameshika penyewe.

Jinai nayo ni sheria ya umma, ila inakwenda kivyake. Kesi ni ya Jamhuri, na wewe uliyeibiwa au kupigwa ni shahidi. Ndiyo maana huwezi kuamka asubuhi ukaifuta kwa sababu mmepatana nyumbani. Uamuzi wa kuiondoa kesi uko kwa waendesha mashtaka walio chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Na uthibitisho unaotakiwa ni mzito, yaani pasipo kuacha shaka la msingi.

Unachopata. Katika mapitio ya mahakama, yaani Mahakama Kuu kukagua kama uamuzi wa ofisi ya umma ulifikiwa kihalali, kuna amri tatu kuu: kufuta uamuzi, kumlazimisha afisa atimize wajibu wake, na kumzuia asifanye jambo lililo nje ya mamlaka yake. Inafaa kusema waziwazi kwamba mahakama haikupi leseni. Inaufuta uamuzi na kumrudisha afisa akaamue upya, na anaweza kukunyima tena, safari hii kwa utaratibu sahihi. Fidia ya hasara uliyopata haipatikani kwa njia hii. Kwenye jinai, mahakama ikimtia mtu hatiani inaweza kuamuru akulipe fidia, lakini lengo la kesi ni adhabu, na fidia huja kama nyongeza.

Hatua. Kwanza angalia kama sheria iliyompa afisa mamlaka imeweka rufaa ya ndani: kwa waziri, kwa bodi, kwa baraza fulani. Ikiwepo, itumie kwanza. Ya pili ni kuomba Mahakama Kuu kibali cha kufungua mapitio, yakiambatana na maelezo ya madai yako na kiapo. Kibali kikitoka, Kanuni za mapitio za mwaka 2014 zinakupa siku 14 kufungua maombi yenyewe. Tanga kuna kanda ya Mahakama Kuu, kwa hiyo mtu wa Pangani au Muheza halazimiki kusafiri hadi Dar es Salaam. Lugha pia imerahisishwa: tangu marekebisho ya sheria ya 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama.

Kama kilichovunjwa ni haki ya msingi iliyo kati ya ibara ya 12 na ya 29, kuna maombi ya kikatiba chini ya Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi ya 1994. Marekebisho ya 2020 yanamtaka mwombaji aeleze kwa kiapo jinsi jambo lilivyomgusa yeye mwenyewe, na pia awe amemaliza njia nyingine zilizopo. Kuna vilevile Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, inayopokea malalamiko bila ada na kuyachunguza. Tume hutoa mapendekezo na haitoi hukumu, lakini kwa asiye na fedha ya wakili ni mahali halali pa kuanzia.

Muda. Miezi 6 tangu uamuzi utolewe, kwa ajili ya kuomba kibali. Ni mifupi kuliko inavyosikika, kwa sababu watu huitumia kufuatilia ofisini: njoo Jumatatu, mkubwa yuko kikaoni, faili halionekani. Barua za kukumbushia hazisimamishi siku kuhesabika.

Kinachoangusha. Kuchelewa, kuruka rufaa ya ndani, na kukosa uamuzi ulioandikwa. Hili la tatu lina dawa rahisi. Ukiambiwa kwa mdomo, andika barua siku hiyohiyo ukiomba uamuzi na sababu zake kwa maandishi, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Muhuri huo utakuja kuwa na thamani kuliko maelezo marefu.

Njia ya sheria binafsi

Nguvu inayopimwa. Hapa mahakama inapima mizani kati ya wawili walio sawa mbele yake. Ni nani anayeaminika zaidi kwa ushahidi ulioletwa? Si lazima uondoe kila shaka. Inatosha upande wako uwe mzito kuliko wa mwenzako. Mkataba wa mdomo ni halali chini ya Sheria ya Mikataba ikiwa pande zote zilikubaliana kwa hiari, kuna malipo halali na lengo halali, lakini kuuthibitisha ndiko kunakotesa. Jumbe za simu na miamala ya fedha kwa simu vinapokelewa kama ushahidi tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015. Usiifute simu wala kuibadilisha, maana utaulizwa ujumbe ulihifadhiwaje.

Unachopata. Fedha, mara nyingi: deni, fidia ya hasara, riba. Au amri ya kurudishiwa mali, ya kuhama, ya kugawana mali ya ndoa. Hukumu ikitoka na mdaiwa akigoma kulipa, unaomba utekelezaji: dalali wa mahakama anakamata mali, fedha zilizoko benki zinazuiwa, na mkaidi anaweza kupelekwa gereza la madai. Faida ya njia hii ni kwamba mwisho wake una meno.

Hatua. Toa notisi ya madai ukieleza kiasi, sababu na siku za kulipa. Kisha chagua mahakama kwa thamani ya dai. Tangu marekebisho ya 2016, Mahakama ya Mwanzo inasikiliza madai ya kawaida hadi shilingi milioni 30, na milioni 50 yakihusu mali isiyohamishika. Mahakama ya Wilaya inafika milioni 200 na 300 kwa mpangilio huohuo. Kwa deni dogo la mfanyabiashara wa Mgandini, Mahakama ya Mwanzo inatosha, na mtu anaweza kujieleza mwenyewe.

Ndoa na mirathi zina njia zake. Kabla ya talaka kufika mahakamani, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mpite kwanza kwenye baraza la usuluhishi, la kata au la dini, nalo likishindwa kuwapatanisha linatoa hati ya kushindwa. Bila hati hiyo, shauri la talaka kwa kawaida halisimami. Mirathi ya Kiislamu na ya kimila inafunguliwa Mahakama ya Mwanzo, na huanza kwa kuteuliwa msimamizi. Kugawana mali mezani kabla ya hapo ndiko kunakozaa kesi za miaka mingi.

Muda. Miaka 6 kwa mkataba, 3 kwa madhara, 12 kwa ardhi. Miaka hiyo inawapumbaza watu: mashahidi wanahama, stakabadhi zinaliwa na mchwa.

Kinachoangusha. Kumshtaki asiyehusika, kama dereva wakati mwenye gari na bima ndio wenye uwezo wa kulipa. Kutaja kiasi usichoweza kukithibitisha. Kufungua mahakama isiyo na mamlaka. Na la kusikitisha zaidi ni kushinda dhidi ya mtu asiye na kitu. Chunguza mali ya mdaiwa kabla ya kulipa ada ya kufungua shauri.

Palipochanganyika

Panapoleta shida kubwa ni pale jambo lilivyo la sheria binafsi lakini mdaiwa ni chombo cha umma. Rudi kwa yule aliyeuza saruji. Hoja yake ni ya mkataba tu. Lakini Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali inamtaka atoe notisi ya siku 90, nakala ikienda kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Zikipita, afungue shauri Mahakama Kuu, na Mwanasheria Mkuu aunganishwe kama mdaiwa. Marekebisho ya 2020 yaliingiza halmashauri, wakala za serikali na mashirika ya umma katika utaratibu huu. Asipomuunganisha Mwanasheria Mkuu, shauri zima linabatilika, hata kama limesikilizwa hadi mwisho.

Utaratibu huu una historia inayofaa kujulikana. Zamani ilibidi uiombe Serikali ridhaa ndipo uishtaki. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun dhidi ya Mwanasheria Mkuu, ilitamka kwamba sharti hilo linavunja Katiba. Ridhaa ikaondoka, ikaja notisi. Kwa hiyo siku 90, pamoja na kuchosha kwake, ni nafuu kubwa kuliko kilichokuwepo.

Mambo mawili usiyasahau hapa. Mali ya Serikali haikamatwi na dalali. Hukumu dhidi yake inalipwa kwa utaratibu wa hazina, na unahitaji subira. Na kama jambo ni la haraka, mfano nyumba iko hatarini kubomolewa kesho, unaweza kuomba zuio la muda Mahakama Kuu wakati siku 90 zinahesabika. Mawakili wanaliita Mareva.

Ardhi. Ukigombana mpaka na jirani Pongwe, ni sheria binafsi. Unaanza Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 halitoi hukumu tena. Linapatanisha ndani ya siku 30, na likishindwa linatoa hati inayokufungulia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kama kiwanja kimoja kimegawiwa watu wawili na mamlaka ya umma, na unataka kuibana mamlaka hiyo ijibu, Baraza la Ardhi si mahali pake. Rudi kwenye siku 90 na Mahakama Kuu. Watu wengi wa viwanja vipya hukwama hapa: wanamshtaki mwenzao peke yake, kumbe bila aliyegawa kuwepo hapatakuwa na hukumu inayosimama.

Ardhi inapotwaliwa, tenganisha malalamiko mawili. Ukisema hawakuwa na haki ya kuitwaa, au hawakukushirikisha, unapinga matumizi ya mamlaka. Ukisema walikuwa na haki lakini fidia ni ndogo au imechelewa, unadai fedha, na Ibara ya 24 ya Katiba ndiyo mzizi wa dai lako. Kwa mradi mkubwa kama bomba la mafuta ghafi linaloishia Chongoleani, mtu anayechanganya malalamiko haya katika barua moja anajidhoofisha mwenyewe. Kagua fomu ya uthamini kipengele kwa kipengele kabla ya kusaini: minazi na mikorosho imehesabiwa, posho ya usumbufu ipo, ya usafiri ipo, ya makazi ipo? Ukisaini bila kukagua, kurudi nyuma ni kugumu mno.

Kazi. Mwalimu wa shule binafsi akifukuzwa, ana siku 30 kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayojulikana kama CMA, kujaza fomu ya mgogoro. Mwalimu wa shule ya serikali, kwa kosa lilelile, ni mtumishi wa umma. Analazimika kumaliza rufaa za utumishi kwanza. Wawili hao wanaweza kuwa wamepanga nyumba moja Makorora, na ushauri wa mmoja ukampoteza mwenzake.

Ajali ya barabarani. Tukio moja linaweza kuzaa njia tatu, na zote zinaweza kwenda kwa pamoja. Polisi wanamshtaki dereva kwa makosa ya usalama barabarani. LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, inaweza kushughulikia leseni ya usafirishaji. Wewe uliyevunjika mguu unadai fidia kwa mwenye gari na bima yake. Chukua PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kabla ya matibabu inapowezekana, na uombe nakala ya hukumu ya kesi ya dereva. Akitiwa hatiani, kazi yako kwenye madai inapungua sana. Usikae ukingoja jinai iishe huku miaka 3 ya madhara ikipita.

Deni. Kumweka mdaiwa ndani hakulipi deni. Kukopeshana ni sheria binafsi, na kuchelewa kulipa si jinai. Inageuka jinai kama tangu mwanzo kulikuwa na udanganyifu: alikuuzia kiwanja kisicho chake, alikuonyesha hati ya kughushi. Hapo fungua jalada polisi upate namba ya RB (namba ya taarifa yako kituoni), na madai ya fedha zako bado unaweza kuyafungua kando.

Kulingana na hali yako

Umefungiwa biashara, umefutiwa leseni au umenyimwa kibali, na unachotaka ni kurudi kazini: sheria ya umma inakufaa. Hesabu miezi 6 kuanzia tarehe ya barua, na usiipoteze ukisubiri huruma ya ofisi.

Biashara imeshakufa na unataka hasara irudi: njia ya madai inakufaa zaidi, kwa notisi ya siku 90 ikiwa mdaiwa ni wa umma. Muulize wakili mapema sana, kwa sababu fidia ya jambo lililofanywa kwa kutekeleza sheria iliyoandikwa ina ukomo wa mwaka 1 tu.

Unadai mtu wa kawaida na kiasi hakizidi milioni 30: notisi, kisha Mahakama ya Mwanzo. Una mkataba ulioandikwa na mdaiwa ana mali inayoonekana? Hapo njia binafsi ina nguvu kuliko polisi.

Unataka aliyekuumiza aadhibiwe, na fedha si hoja: toa taarifa polisi, uwe shahidi imara, na ukubali kwamba kesi si yako tena.

Huna fedha ya wakili: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua watoa msaada na wasaidizi wa kisheria wanaofanya kazi bila malipo, uliza Halmashauri, idara ya maendeleo ya jamii. Nenda na nakala za barua zote, zikiwa zimepangwa kwa tarehe, ya kwanza juu.

Hujui uko upande gani, na siku zinakwenda: fuata ukomo ulio mfupi zaidi kati ya zote zinazoweza kukuhusu. Notisi ya siku 90 haizuii kuomba kibali cha mapitio, na kuomba kibali hakuzuii notisi. Mwenye shaka anaweza kuvianza vyote viwili wiki hiyohiyo.